Risasi ya Kwanza: Ustadi wa Kulenga Shabaha na Wajibu wa Mwindaji Porini

Katika uwindaji halali unaofanyika kwenye mapori ya akiba na vitalu vya uwindaji vya Tanzania, hakuna tendo linalobeba wajibu mzito kuliko risasi ya kwanza, kwa kuwa ndiyo inayoamua iwapo mnyama atakufa upesi bila mateso marefu, au atakimbilia kichakani na jeraha litakalomuumiza kwa saa au siku kadhaa na kumfanya awe hatari kwa kila atakayekutana naye. Mijadala ya umma kuhusu uwindaji hujikita zaidi katika fedha za leseni, mgawo wa wanyama wanaoruhusiwa kuuawa na mapato ya vijiji vinavyopakana na mapori, na mijadala hiyo ni ya haki. Lakini ustadi wa yule anayeshika bunduki, ambao ndio unaotenganisha uwindaji na ukatili, hupewa nafasi ndogo mno. Ustadi huo haurithiwi wala hauji pamoja na silaha ya bei kubwa. Hujengwa kwa mazoezi yanayofanana na mazingira ya porini, hupimwa kwa kipimo kisicho na upendeleo, na hukamilishwa na uamuzi wa kuacha kupiga pale ambapo uhakika haupo.

Suala hili linaihusu Tanzania kwa namna ya pekee katika Afrika Mashariki. Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa burudani mwaka 1977, na Uganda iliurudisha kwa majaribio mwaka 2001 katika maeneo yanayozunguka Hifadhi ya Ziwa Mburo, ilhali Tanzania imeendelea kuwa na vitalu vingi vya uwindaji wa kitalii, yaani uwindaji ambao mgeni hulipia leseni na kuongozwa na mwindaji bingwa aliyesajiliwa. Uwindaji huo unaongozwa na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 pamoja na kanuni zake, na mapori ya akiba husimamiwa na Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania, inayofahamika kwa kifupi kama TAWA.

Sheria na bunduki

Miongoni mwa mambo ambayo taratibu za uwindaji zimeyaweka wazi ni ukubwa wa bunduki. Kwa wanyama hatari kama nyati, simba na tembo, kiwango cha chini kinachokubalika ni bunduki ya .375, namba inayotaja kipenyo cha risasi kwa sehemu za inchi, sawa na takriban milimita 9.5. Risasi mashuhuri zaidi ya ukubwa huo ilitolewa mwaka 1912 na kampuni ya Holland & Holland ya London, na kwa kawaida hubeba kichwa cha gramu 19.4 kinachotoka kwenye mtutu kwa kasi inayokaribia mita 770 kwa sekunde, kikiwa na nishati ya zaidi ya jouli 5,700. Kipimo hicho kina mantiki, kwa sababu nyati dume mwenye uzito wa kilo mia saba ana ngozi nene, misuli mizito na mifupa ya bega ambayo risasi nyepesi inaweza kushindwa kuipenya hadi kufika kwenye moyo na mapafu.

Hata hivyo, kanuni ya ukubwa wa bunduki inaeleza silaha iweje na haiwezi kueleza mkono unaoishika ukoje. Risasi nzito inayopita tumboni huua polepole na kwa maumivu makubwa, wakati risasi ya wastani inayopita katikati ya mapafu yote mawili huangusha mnyama ndani ya muda mfupi. Nishati ya risasi, kwa maneno mengine, ni msaada kwa shabaha iliyo sahihi na haiwezi kufidia shabaha iliyo mbovu, na mwindaji anayenunua bunduki kubwa zaidi ili afunike udhaifu wa mkono wake huishia kuuongeza udhaifu huo kutokana na teke la bunduki, yaani ule msukumo wa kitako kurudi nyuma begani mara risasi inapofyatuka.

Mafunzo kutoka kwa wawindaji wa zamani

Historia ya uwindaji barani Afrika inatoa mifano miwili inayolieleza jambo hili vizuri. Wa kwanza ni Frederick Courteney Selous, Mwingereza aliyeuawa Beho Beho mwezi Januari 1917 wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, na ambaye jina lake lilipewa pori la akiba la kusini mwa Tanzania, ambalo sehemu yake kubwa iligeuzwa mwaka 2019 kuwa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Alipoanza kuwinda tembo kusini mwa Afrika katika miaka ya 1870, Selous alitumia magobore makubwa yaliyoshindiliwa baruti kwa mdomo wa mtutu na kurusha gololi ya risasi yenye uzito wa takriban gramu 113, na teke lake lilikuwa kali kiasi kwamba baadaye, katika kitabu chake cha mwaka 1881, alieleza majuto ya kuwahi kuzitumia silaha hizo kwa kuwa zilimharibia utulivu wa kupiga hata alipohamia kwenye bunduki nyepesi.

Wa pili ni Walter Bell, Mskoti aliyeishi kati ya mwaka 1880 na 1954 na aliyepewa jina la Karamojo kutokana na safari zake katika eneo la Karamoja, kaskazini mashariki mwa Uganda ya leo. Bell aliua tembo zaidi ya elfu moja, idadi ambayo katika zama hizi za uhifadhi haiwezi kutajwa kwa sifa, lakini mbinu yake inafundisha jambo lisilozeeka: alitumia mara nyingi bunduki nyepesi ya milimita 7, ambayo leo hairuhusiwi kwa mnyama mkubwa kiasi hicho, na alipasua fuvu la tembo kwa msumeno ili aone ubongo ulipo na njia ambayo risasi ingepita kutoka kila upande. Kilichomtofautisha na wenzake waliobeba silaha nzito ni elimu ya maumbile ya mnyama ikiungana na mkono usioogopa bunduki yake.

Meza ya uwanjani na uhalisia wa porini

Wengi wanaojiandaa kwa safari ya uwindaji hufanya mazoezi wakiwa wameketi kwenye benchi, bunduki ikiwa imeegemezwa juu ya mifuko ya mchanga, na huridhika wanapoona matundu matatu yamekaribiana kwenye karatasi iliyo umbali wa mita 100. Zoezi hilo lina kazi yake, nayo ni kulinganisha darubini na mtutu, yaani kurekebisha vifungo vya darubini hadi mahali jicho linapolenga pawe ndipo risasi inapotua katika umbali uliochaguliwa. Vifungo hivyo kwa kawaida husogeza shabaha kwa robo ya dakika ya pembe kila vinapozungushwa hatua moja, na kwa kuwa dakika moja ya pembe ni sehemu ya sitini ya nyuzi moja, sawa na takriban sentimita 2.9 kwa mita 100, kila hatua husogeza risasi kiasi cha milimita 7 kwa umbali huo. Kazi hiyo ikishamalizika, benchi halina la kumfundisha zaidi mwindaji, kwa sababu limepima bunduki tu.

Porini hakuna benchi. Kuna nyasi ndefu zinazomzuia mtu kulala kifudifudi, kuna matawi ya miombo yanayokata mstari wa shabaha, kuna jasho machoni na moyo unaodunda baada ya mwendo wa saa nyingi kufuata nyayo, na kuna mnyama anayesimama kwa sekunde chache kabla ya kuhama. Hesabu rahisi inaonyesha uzito wa mabadiliko haya: kitako kikiwa kimetulia begani na mdomo wa mtutu, ulio takriban mita 1 mbele yake, ukasogea kwa milimita 1 tu wakati wa kufyatua, risasi hukosea kwa sentimita 10 katika umbali wa mita 100. Eneo la moyo na mapafu la swala pala lina upana unaokaribia sentimita 15, na mpigaji anayelenga katikati ya eneo hilo ana sentimita saba na nusu tu kila upande. Hivyo mtikisiko wa milimita moja, ambao hakuna jicho linaloweza kuuona, unatosha kumgeuza mnyama ambaye angekufa papo hapo kuwa majeruhi.

Mikao na egemeo

Kwa sababu hiyo, somo la kwanza la ustadi wa porini ni mkao, na kanuni inayotawala mikao yote ni kwamba mifupa na ardhi ndivyo vinavyopaswa kuubeba uzito wa bunduki, kwa kuwa misuli huchoka na kutetemeka. Kulala kifudifudi ndio mkao ulio imara kuliko yote, lakini nyasi na vichaka huufanya uwe adimu. Mkao wa kuketi, ambapo viwiko huwekwa upande wa ndani wa magoti ili mfupa usikae juu ya mfupa na kuteleza, hufaa kwenye mteremko au juu ya kichuguu, na wenye mazoezi huufikia kwa haraka ya kuridhisha. Kupiga goti ni mkao wa kati, wenye kasi zaidi lakini wenye uthabiti mdogo, huku kusimama bila egemeo lolote kukiwa mkao dhaifu unaopaswa kuachwa kwa umbali mfupi sana au kwa dharura.

Katika uwindaji wa Tanzania egemeo linalotumika zaidi ni fimbo tatu ndefu zilizofungwa pamoja karibu na ncha, ambazo mfuatilia nyayo huzibeba na kuzitanua mbele ya mwindaji ili aweke bunduki juu ya panda lake akiwa amesimama. Fimbo hizi hupunguza mtikisiko wa juu na chini kwa kiasi kikubwa, lakini huacha mtikisiko wa kushoto na kulia kwa sababu kitako hakina kinachokishikilia ila bega. Ndiyo maana wawindaji wazoefu hupanua miguu, huegemea mbele kidogo, na pale inapowezekana huruhusu bega la mwenzao au shina la mti kuushikilia mwili upande wa mkono wa kulia. Anayeegemea mti au jiwe aweke kiganja au kofia kati ya bunduki na kitu hicho kigumu, kwa kuwa mtutu unaogusa kitu kigumu huruka wakati wa mlipuko na kuipeleka risasi mbali na mahali palipolengwa. Mkanda wa bunduki nao, ukizungushwa kwenye mkono wa mbele na kukazwa, huunganisha mkono na silaha na kuongeza uthabiti katika mkao wa kuketi na wa kulala.

Jambo la muhimu zaidi ni kwamba mikao hii ijifunzwe hadi mwili uijue bila kufikiri. Mgeni anayeziona fimbo tatu kwa mara ya kwanza siku anapomkuta nyati hutumia sekunde za thamani akihangaika na urefu wake, wakati aliyetengeneza fimbo zake nyumbani na kurudia zoezi la kuinua bunduki, kuiweka kwenye panda, kuona shabaha na kufyatua huwa tayari ndani ya sekunde tano hadi kumi, na muda huo ndio ambao mnyama aliyeshtuka humpa mtu kabla ya kugeuka na kuondoka.

Kidole, pumzi na hofu ya mshindo

Somo la pili ni kifyatulio, kile kidude kinachobonyezwa kwa kidole ili kuachilia risasi. Kidole hubonyeza taratibu na moja kwa moja kuelekea nyuma, kwa sehemu ya mbele ya kidole cha shahada, bila kuusukuma mtutu upande, na kwa namna ambayo mlipuko humjia mpigaji bila yeye kuutegea. Pumzi huvutwa, hutolewa nusu, kisha huzuiliwa kwa sekunde chache tu, kwa kuwa anayezuia pumzi kwa muda mrefu huanza kutetemeka na jicho lake kupoteza makali. Mwindaji aliyepanda kilima kwa kasi ni heri asubiri moyo utulie, na ikiwa mnyama hatamngoja, basi fursa hiyo haikuwa yake.

Adui mkubwa wa kifyatulio ni mshtuko wa kutarajia, yaani tabia ya mwili kujikunyata, jicho kufumba na mkono kukaza sehemu ndogo ya sekunde kabla ya mlipuko kwa kulihofia teke na mshindo. Tabia hii humpata mtu bila yeye kujua, kama ilivyompata Selous, na wahenga walisema kweli kwamba mazoea yana taabu, kwani mshtuko ukishakomaa huchukua miezi kuuondoa. Dawa yake ina sehemu tatu. Ya kwanza ni mazoezi makavu, yaani kulenga na kubonyeza kifyatulio kwa bunduki isiyo na risasi, ambayo imekaguliwa kwa macho na kwa kidole kwamba chemba na magazini ni tupu, na risasi zote zikiwa zimewekwa chumba kingine. Dakika chache za zoezi hili kila siku hujenga mkono kuliko siku nzima ya milio uwanjani. Ya pili ni kumwomba mwenzako aijaze bunduki kwa kuchanganya risasi halisi na risasi bandia, yaani zile zisizo na baruti wala fataki, ili bunduki isipolia mpigaji auone mwenyewe mtutu wake ukishuka kwa hofu. Ya tatu ni kutumia bunduki ndogo ya .22, ambayo teke lake ni dogo mno na risasi zake ni za gharama ndogo, kwa sehemu kubwa ya mazoezi, na kuiacha ile kubwa ifyatuliwe mara chache kwa kila kipindi, huku masikio yakizibwa daima kwa vifaa vya kuyakinga.

Bunduki inayoendeshwa kwa bolti, yaani komeo la chuma linalosukumwa na kuvutwa kwa mkono ili kutoa ganda na kuingiza risasi nyingine, inahitaji pia zoezi la risasi ya pili. Mwindaji aliyefundishwa huvuta bolti kwa nguvu mara tu baada ya kufyatua, kitako kikiwa bado begani na macho yakiwa bado kwa mnyama, badala ya kushusha bunduki ili atazame alichokifanya. Kwa nyati jambo hili ni la lazima, kwa kuwa mnyama aliyepigwa moyoni huweza kubaki na fahamu kwa sekunde 10 hadi 15 kabla damu haijakosekana ubongoni, na muda huo unamtosha kukimbia mita mia moja, ama kuelekea kichakani ama kuelekea kwa wanaomwinda.

Kuujua mwili wa mnyama

Ustadi wa mkono hauna maana iwapo mpigaji hajui pa kupiga. Moyo wa wanyama wengi wa Afrika uko chini kifuani, kati ya miguu ya mbele, na mapafu yameuzunguka kwa juu na nyuma yake, yakijificha kwa sehemu kubwa nyuma ya bega. Kwa hiyo mgeni aliyezoea kulenga nyuma ya bega, kama wanavyofanya wengi wanaowinda kulungu wa Amerika Kaskazini, huweza kupiga nyuma mno na kuvunja ini au kutoboa tumbo. Mnyama anapoonekana ubavu mzima, kanuni inayokubalika ni kufuata mstari wa mguu wa mbele kwenda juu na kupiga katika theluthi ya chini ya kifua. Anaposimama kimshazari, mpigaji hana budi kufikiria njia ya risasi ndani ya mwili na mahali itakapotokea upande wa pili, na kuchagua pa kuingilia kulingana na njia hiyo. Daktari wa mifugo Kevin Robertson aliitolea kitabu mada hii mwaka 1999, akionyesha kwa michoro nafasi ya mifupa na viungo vya ndani vya wanyama wanaowindwa barani Afrika, na kazi ya namna hiyo inastahili kuwa ya kwanza kusomwa kabla hata ya kununua risasi.

Aina ya risasi nayo inahusika. Risasi laini ni ile ambayo ncha yake hutanuka inapogusa mwili na kufungua jeraha pana linaloua upesi, wakati risasi ngumu haitanuki na hupenya kwa kina kupitia mifupa na misuli. Risasi ngumu inaweza kumpita mnyama na kumjeruhi mwingine aliye nyuma yake, na ndiyo sababu nyati aliye katikati ya kundi hapigwi mpaka ajitenge na wenzake. Hapa ndipo kanuni za usalama zinapoungana na ustadi wa kulenga. Jeff Cooper, mwalimu Mmarekani aliyeanzisha chuo cha mafunzo ya silaha Arizona mwaka 1976, aliziweka kanuni hizo kuwa nne: kila bunduki ichukuliwe kuwa ina risasi, mtutu usielekezwe kamwe kwenye kitu ambacho mtu hayuko tayari kukiharibu, kidole kisiguse kifyatulio mpaka jicho liwe limeshika shabaha, na mpigaji awe na hakika ya anachokilenga na ya kilicho nyuma yake. Katika mapori yanayopakana na vijiji, ambako warina asali, wachungaji na wakusanya kuni hupita, kanuni ya nne inalinda uhai wa watu.

Umbali na mpaka wa kila mtu

Bunduki za kisasa zinaweza kufikisha risasi mbali kuliko uwezo wa watu wengi wanaozibeba. Risasi ya .30-06, iliyobuniwa Marekani mwaka 1906 na kutumika hadi leo kwa swala wa aina nyingi, ikilinganishwa kwa mita 200 hupita takriban sentimita 6 juu ya shabaha kwa mita 100 na hushuka kiasi cha robo mita chini yake kwa mita 300, na katika umbali huo wa mwisho upepo wa kawaida wa savana huisukuma pembeni pia. Anayeyajua mahesabu hayo kwenye karatasi bado hajajua uwezo wake, na namna pekee ya kuujua ni kujipima: karatasi yenye duara la sentimita 15 isimamishwe, mpigaji atembee kwa haraka hadi mahali pake, afungue fimbo, apige risasi moja tu, kisha aanze upya. Umbali ambao risasi tano kati ya tano zimeingia ndani ya duara kwa mkao huo ndio mpaka wake, na porini, pamoja na uchovu na msisimko, mpaka huo unapaswa kupunguzwa badala ya kuongezwa. Kila mkao una mpaka wake, na mpaka wa kusimama bila egemeo kwa watu wengi ni mfupi kuliko wanavyopenda kuamini.

Umbali usiotosha kwa bunduki huzibwa kwa miguu. Wafuatilia nyayo wa Tanzania hubeba kifuko kidogo cha majivu na kukitikisa mara kwa mara ili waone upepo unakokwenda, kwa kuwa wanyama hutambua harufu ya mtu mapema kuliko wanavyotambua umbo lake, na kwa elimu hiyo humfikisha mwindaji chini ya mita 100 kutoka kwa nyati, pengine chini ya 50. Mwindaji anayekubali kutambaa kwenye nyasi, kuzunguka upande wa chini wa upepo na hata kurudi kambini mikono mitupu ana heshima kubwa zaidi kwa mnyama kuliko anayejaribu bahati yake kutoka mbali, na sheria yenyewe, kwa kuzuia kuwinda kutoka kwenye gari na kuwinda usiku kwa taa, imeukubali msingi kwamba mnyama anastahili kuwindwa na mtu anayetembea kwa miguu yake na kuona kwa macho yake mchana.

Wajibu baada ya mlio

Baada ya kufyatua, kazi ya mwindaji haijaisha. Anapaswa kukumbuka mahali mnyama aliposimama, namna alivyojibu risasi, na mwelekeo aliokimbilia, kisha asubiri kwa utulivu kabla ya kufuata. Damu hueleza mengi kwa mwenye kujua kuisoma: damu nyepesi yenye povu hutoka mapafuni na huashiria kifo cha karibu, damu nzito ya rangi ya kiza huweza kutoka kwenye ini, na damu iliyochanganyika na majani yaliyotafunwa hueleza kwamba tumbo limetobolewa na kwamba ufuatiliaji utakuwa mrefu na wa hatari. Kumfuata mnyama aliyejeruhiwa hadi mwisho ni wajibu usio na mjadala, na kwa desturi ya uwindaji wa kitalii mnyama aliyejeruhiwa na kupotea huhesabiwa kuwa ameuawa na hulipiwa, ili mgawo wa pori usitumike mara mbili. Hata hivyo malipo hayamponyi mnyama wala hayamlindi mkulima atakayekutana na nyati mwenye jeraha asubuhi ya siku ya pili.

Kipimo kinachofaa kuwekwa

Nchi za Ulaya ya Kaskazini zimelitazama tatizo hili kwa uzito unaostahili. Nchini Norwe, kila anayetaka kuwinda wanyama wakubwa hulazimika kupita mtihani wa kupiga shabaha kila mwaka, akianza na risasi 30 za mazoezi na kumalizia na risasi tano ambazo zote zinapaswa kuingia ndani ya duara la sentimita 30 kwa umbali wa mita 100. Ufini huwataka wawindaji wa wanyama wakubwa kuweka risasi nne ndani ya duara la sentimita 23 kwa mita 75. Mitihani hii si migumu kwa mtu aliyejiandaa, na nguvu yake iko hapo hasa, kwa sababu inamnyima nafasi yule tu ambaye hakujiandaa kabisa.

Katika kambi za uwindaji za Tanzania kuna desturi nzuri ya mgeni kufyatua risasi chache mara anapowasili, ili kuhakikisha kwamba darubini haikusogea wakati wa safari ya ndege. Desturi hiyo ingeweza kuendelezwa kuwa kipimo cha kweli kwa gharama ndogo sana: mgeni, na vilevile mwindaji mkazi anayeomba leseni, apige risasi tano kutoka kwenye fimbo tatu, kila moja ikianza upya, kwenye duara lenye ukubwa wa mapafu ya mnyama anayetaka kumwinda, na mwindaji bingwa aandike umbali aliofaulu na asimruhusu kuuvuka kwa siku zote za safari. Utaalamu wa kusimamia kipimo kama hicho upo nchini, kwa kuwa Chuo cha Usimamizi wa Wanyamapori cha Afrika, Mweka, kimekuwa kikiwaandaa wataalamu wa uhifadhi tangu mwaka 1963, na chuo cha Pasiansi jijini Mwanza huwafunza askari wa wanyamapori. Taifa linaloruhusu mnyama wake auawe kwa ada lina haki ya kudai kwamba auawe na mtu aliyethibitisha kuwa anaweza kufanya hivyo kwa risasi moja, na mwindaji anayeuheshimu uwindaji hatakiona kipimo hicho kuwa usumbufu, bali atakidai mwenyewe kabla hajaambiwa.